Mjadala: Je, hifadhidata ya barua pepe na mafaili ya ofisi vikae kwenye NAS moja?

Hoja ninayoileta mbele ya wasomaji ni hii: je, ni sahihi kifaa kimoja cha hifadhi kilichounganishwa kwenye mtandao wa ndani, yaani NAS, kubeba hifadhidata ya barua pepe za taasisi pamoja na folda za pamoja ambamo watumishi huweka mafaili yao? Msimamo wangu ni kwamba si sahihi, isipokuwa kwa masharti ambayo wengi wanaoutetea mpango huo hawayataji.

Wanaouunga mkono wana hoja zenye uzito. Kifaa kimoja ni rahisi kukisimamia kuliko viwili, nafasi inayobaki upande mmoja hutumika upande mwingine, na NAS nyingi hutunza nakala za papo hapo, yaani picha ya data ilivyokuwa kwa wakati fulani, bila kuisumbua seva. Kosa, kwa maoni yangu, linaanzia kwenye kipimo. Hesabu nzima hufanywa kwa terabaiti, ilhali kwa hifadhidata ya barua pepe nafasi si swali la kwanza. La kwanza ni itahudumiwa kwa haraka kiasi gani, na ikiambiwa kwamba data imeandikwa, je, imeandikwa kweli?

Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Exchange, seva ya barua pepe ya Microsoft, kama zilivyo hifadhidata nyingine za miamala, huandika kila badiliko kwanza kwenye faili la kumbukumbu za miamala, na baadaye ndipo hubadilisha kurasa za hifadhidata yenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kazi, seva inapowaka tena huzisoma kumbukumbu hizo na kukamilisha kilichobaki. Utaratibu huo wote unategemea ahadi moja: hifadhi ikijibu kwamba kazi imekwisha, data iwe imefika mahali ambapo kukatika kwa umeme hakuwezi kuifuta. Sasa, seva ya Linux inayotoa folda kwa itifaki ya NFS, njia mojawapo ya kushiriki mafaili kwenye mtandao, inaweza kupangiwa chaguo la async, ambalo huiruhusu itoe jibu hilo kabla data haijafika kwenye diski. Kwa folda za kawaida msimamizi huona kasi imepanda na kuridhika, kwa sababu hata hitilafu ikitokea, hasara mara nyingi huishia kwenye waraka mmoja au miwili iliyokuwa ikihifadhiwa wakati ule. Kwa hifadhidata mambo ni tofauti: kurasa chache zilizopotea bila mfumo kujua zinaweza kuifanya ikatae kufunguka, na masanduku ya barua ya watu wote waliomo yakafungwa nayo.

Ndiyo maana Microsoft haikubali data za Exchange ziwekwe kwenye NFS, na huikubali SMB 3.0, itifaki ya kushiriki mafaili inayotumiwa na Windows, pale tu ambapo imebeba diski pepe zinazofikishwa kwa mashine pepe kupitia Hyper-V, programu ya Microsoft ya kuendesha mashine hizo. iSCSI, ambayo huipa seva bloku za diski badala ya folda, inaruhusiwa. Ninasikitika kila ninaposoma kwamba masharti haya ni mbinu ya muuzaji ya kulazimisha watu wanunue vifaa vya bei kubwa. Chanzo chake ni namna hifadhidata inavyoandika, na anayeyapuuza hajaokoa fedha. Ameuweka mzigo wa hatari kwa watumishi ambao hawakuulizwa.

Jambo la pili ni kugombania diski. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huhudumia takriban maombi 75 hadi 100 kwa sekunde, pale maombi hayo yanapokuwa madogo na yametawanyika. Diski zikipangwa kwa RAID 5, mpango unaounganisha diski kadhaa ili moja ikiharibika data isipotee, andiko dogo moja huzaa kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma pariti yake (taarifa ya ziada inayowezesha kuijenga upya data iliyopotea), kuandika data mpya na kuandika pariti mpya. Barua pepe huleta maombi ya aina hiyo mfululizo. Mtumishi mmoja akianza kunakili mafaili makubwa ya video kwenye diski zilezile, kila anayefungua sanduku lake la barua atasubiri, na lawama itaenda kwa seva ya barua pepe ambayo haina kosa. Diski zisizozunguka hupunguza sana tatizo hili, na ninalikubali hilo bila kinyongo, ila hazigusi suala la ahadi ya kuandika nililolieleza juu.

Wapo wanaojibu kwamba hofu hii imepitwa na wakati kwa kuwa Exchange imekuwa nyepesi. Ni kweli: kurasa za hifadhidata zilikuwa za kilobaiti 4 katika toleo la 2003, zikawa 8 katika toleo la 2007 na 32 katika lile la 2010, na matoleo hayo yalipunguza sana maombi yanayokwenda kwenye diski. Lakini wepesi huo unatetea upande wangu. Tangu toleo la 2010, seva kadhaa zinaweza kutunza nakala za hifadhidata moja, kila seva ikiwa na diski zake za kawaida za ndani. Kama hifadhidata sasa inaridhika na diski hizo, sababu ya kuipeleka kwenye NAS ya pamoja imebaki ipi?

Kuhusu nakala za papo hapo, tahadhari ni moja. Nakala iliyochukuliwa bila kuijulisha hifadhidata ina hali ile ile ya seva iliyozimika ghafla, na inaweza kurejeshwa tu iwapo hifadhidata na kumbukumbu zake zilinaswa kwa wakati mmoja. Tena, kama barua na mafaili yamo katika eneo moja la hifadhi, kulirudisha eneo zima kwenye hali ya asubuhi ili kuokoa folda iliyofutwa kutazifuta pia barua zote zilizoingia mchana. Na nakala iliyomo ndani ya kifaa kile kile hufa nacho.

Si barua pepe zote zilizo na tabia hii. Mfumo wa Maildir, uliobuniwa na D. J. Bernstein kwa ajili ya seva yake ya barua pepe iitwayo qmail, huweka kila barua katika faili lake na hauhitaji kulizuia faili lisiguswe na programu nyingine, hivyo unaivumilia NFS vizuri. Anayetumia mfumo huo pamoja na Dovecot, programu inayowafikishia watumiaji barua zao, bado anapaswa kuhakikisha kwamba mtumiaji mmoja hahudumiwi na seva mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu mafaili ya faharasa yanaweza kuharibika.

Masharti yangu, basi, ni kundi la diski la peke yake kwa barua pepe, njia ya bloku, na nakala rudufu nje ya kifaa. Anayeona kwamba yamezidi namwomba alete vipimo vya Jetstress, zana ya Microsoft ya kupima diski za Exchange, vilivyochukuliwa huku mafaili makubwa yakinakiliwa kwenye NAS ile ile, na diski moja ikiwa imetolewa ili RAID ijijenge upya. Iwapo wastani wa muda wa kusoma utabaki chini ya milisekunde 20 katika hali hiyo, nitakuwa tayari kuijadili upya sehemu ya diski.