Mjomba na makato yake: gumzo la kikundi cha ukoo

Mjomba: Habari za jioni wanafamilia. Nimeangalia hati ya mshahara leo. Saa za ziada zimefutwa, bonasi hakuna, makato yapo palepale. Halafu nasikia serikali inaongeza tena wanaolipwa misaada. Mimi naongezewa na nani?

Kaka: 😂😂 Shikamoo Mjomba

Mjomba: Marahaba. Usicheke, nauliza kweli.

Shangazi: Shemeji, pole. Ila ulitaka misaada ipungue wakati watu wanaachishwa kazi?

Mjomba: Nataka hesabu. Kampuni zikifunga, kodi inashuka na waombaji wanapanda, kwa mpigo. Pengo anajaza nani kama si sisi tuliobaki kazini?

Kaka: Mara nyingi serikali inakopa kwanza. Kodi inafuata baadaye.

Mjomba: Kwa hiyo nalipa kwa awamu, tena na riba. Asante kwa kunifariji, mpwa.

Mama Mdogo: 😂 Lakini kaka yangu, mwaka 2008 Bunge la Marekani liliidhinisha dola bilioni 700 kuokoa mabenki. Mbona hukupiga kelele?

Mjomba: Nilipiga! Kikundi hiki tu ndicho hakikuwepo. Na mabenki yalirudisha sehemu kubwa. Hawa watarudisha?

Shangazi: Wakipata kazi watakatwa kama wewe.

Mjomba: Wakipata. Hukohuko Marekani, waliopata msaada wa chakula walikuwa kama milioni 28 mwaka 2008. Kufika 2013 wamepita milioni 47. Uchumi umeshatengemaa, mwaka 2019 bado ni karibu milioni 36. Kuingia ni rahisi, kutoka ndiyo kazi.

Kaka: Ila kati ya hao wamo wengi wenye kazi, Mjomba. Mshahara ndio hautoshi.

Mjomba: Basi mwajiri aongeze mshahara, si mimi nimlipie wafanyakazi wake.

Mama Mdogo: Hapo umenena.

Dada: Shikamooni wote. Mjomba, kwenye hao walioongezwa na mimi nimo. Tangu mwezi uliopita.

Mjomba: Marahaba mama. Mbona hukusema?

Dada: Ningesemaje, na kila jioni kikundi kinawachambua 🙂

Mjomba: Wewe ni tofauti. Umechangia miaka yote, hilo ni fao lako.

Dada: Na wenzangu kwenye foleni walichangia pia. Wameniomba barua ya kuachishwa, hati za mshahara za miezi mitatu na taarifa ya benki. Nimeandika jina langu mpaka nimelichoka. Lakini sikilizeni hili: nimepata kibarua cha nusu siku. Nikikichukua, fao linapunguzwa karibu kiasi kilekile nitakacholipwa. Nikitoa na nauli, nabaki pungufu.

Mjomba: Subiri. Yaani ukifanya kazi unapata hasara?

Dada: Kwa miezi hii, ndiyo.

Mjomba: Sasa hapo ndipo kodi yangu inapoteketea! Nakulipa ukae nyumbani na wewe unataka kwenda kazini!

Shangazi: Kwa hiyo shemeji, hasira imehamia wapi?

Mjomba: Kwa aliyetunga hiyo kanuni. Wale wa misaada isiyo na mwisho sijawasahau, tutarudi kwao.

Kaka: Tunajua utarudi 😂

Mjomba: Mama, nitumie hayo masharti yote.

Dada: 📎 Kurasa 14

Mjomba: Kumi na nne?! Naenda kutafuta miwani. Kibarua usikikatae kwanza, ukurasa wa 3 unataja muda wa kukata rufaa.