Programu inayokufa ukibonyeza notifikesheni: tupeane uzoefu

Mwana wa Ngamiani (mtoa mada)

Wakuu, nianze na langu ili msione haya kutoa yenu.

Nilimtengenezea mama mmoja wa duka la dawa, huku Ngamiani, Tanga, programu ya kutunza stoo. Ni ya Windows, nimeiandika kwa lugha ya C#. Kila asubuhi inamtolea notifikesheni pembeni ya skrini: dawa kadhaa zinakaribia kuisha muda, bonyeza uzione. Wiki ya kwanza akanipigia. "Mwanangu, hii programu yako ni ya Tanga kwelikweli. Waja leo, waondoka leo." Nikacheka, yeye hakucheka.

Nikaenda. "Shikamoo mama." "Marahaba, kaa hapo uone." Akabonyeza notifikesheni. Dirisha jeupe likachungulia, likapotea. Nikabonyeza ikoni, programu ikafunguka vizuri kabisa. Nikarudi nyumbani, kwenye laptopu yangu notifikesheni inafanya kazi. Siku tatu nazunguka humo humo, nikaanza hadi kuisingizia kompyuta yake uzee.

Kumbe nyumbani nilikuwa najaribu huku programu tayari iko wazi. Yeye anaifunga jioni, na tangu Windows 10 ya 2015 notifikesheni inabaki imejipanga pembeni hata programu ikiwa imefungwa. Akibonyeza asubuhi, Windows ndiyo inayoiamsha programu kutoka usingizini. Hiyo njia sikuwahi kuipita hata mara moja.

Kilichoniokoa ni Event Viewer, daftari la Windows la matukio na makosa. Upande wa Application nikakuta tukio namba 1026 la .NET Runtime (injini inayoendesha programu za C#), na ndani yake programu inalia kwamba haioni faili C:\Windows\System32\mipangilio.json. System32, folda ya Windows yenyewe! Mimi faili langu nimelipeleka huko lini? Sikulipeleka. Nilikuwa nimeandika "mipangilio.json" tupu, bila njia kamili ya folda. Ukifungua kwa ikoni, ile shotikati inaiambia programu ianzie kwenye folda yake. Ikiamshwa na notifikesheni, inajikuta imesimama System32, inageuka kushoto kulia, faili hakuna, inakata roho. Nikabadilisha ijenge njia kutoka AppContext.BaseDirectory, yaani folda ya programu yenyewe.

Haikuishia hapo, nitarudi. Leteni zenu.

Fundi wa Chumbageni

Yangu ilikuwa ya UWP (mtindo wa programu ulioletwa na Windows 10), kwa wakala wa tiketi pale stendi ya Kange. Notifikesheni inamkumbusha abiria aliyeshika siti bila kulipa. Akibonyeza, inatokea ile picha ya mwanzo yenye nembo, kisha kimya, programu inafungika.

Kiolezo cha UWP kinakupa OnLaunched, msimbo unaoitwa programu ikizinduliwa kawaida, na humo ndimo ukurasa wa kwanza unamojengwa. Ukiingia kwa notifikesheni, OnLaunched haiitwi. Inaitwa OnActivated, na mimi sikuwa nimeiandika. Hakuna aliyejenga Frame (fremu ya kubeba kurasa) wala aliyeita Window.Current.Activate (ya kuonyesha dirisha). Mgeni kapitia mlango wa uani, wenyeji wote wako mbele na kahawa yao.

Ila niseme jambo la kuikamata, maana hapo ndipo wengi mnaumia. Ukibonyeza F5 kwenye Visual Studio ili kukagua msimbo, yenyewe ndiyo inayoizindua programu, kwa hiyo unapita mlango wa mbele tena na kosa hulioni. Nenda kwenye sifa za mradi, sehemu ya Debug, kuna kisanduku cha kuiambia isiizindue programu bali isubiri ianze yenyewe. Kitie tiki, bonyeza F5, halafu ndiyo uende ukabonyeze notifikesheni. Alama zako za kusimamisha msimbo zitashika kuanzia mstari wa kwanza. Kwa programu za kawaida zisizo UWP, mimi huweka Debugger.Launch(), inayoita kikagua makosa, juu kabisa ya Main, pale programu inapoanzia. Usisahau kuitoa kabla ya kumpelekea mteja, nimeshaaibika.

Bibie wa Mabawa

Mimi kinyume chenu. Ikiwa imefungwa inafunguka vizuri, ikiwa wazi ndipo inakufa. Programu ya oda za steshenari, WPF (mfumo wa kujenga madirisha ya programu za Windows).

Jibu la notifikesheni halikuja kwenye uzi wa skrini (uzi wa programu jamani, yaani mkondo wa kazi ndani yake, si huu tunaoandika). Lilikuja kwenye uzi mwingine wa nyuma, nami nikaenda moja kwa moja kugusa orodha ya oda. WPF haitaki: kitu cha skrini kinaguswa na uzi uliokiumba tu. Nikazungushia Dispatcher.Invoke, inayorudisha kazi kwenye uzi wa skrini. Mstari mmoja, usiku mzima.

Mzee wa Makorora

Nilizima notifikesheni zote. Mteja hajauliza mpaka leo.

Kijana wa Sahare

😂😂 Mzee umemaliza.

Yangu: notifikesheni ilikuwa inafungua anwani ya protokali yangu mwenyewe (kama http, ila inafungua programu yangu), na kila ikibonyezwa Windows inazindua nakala nyingine, ya kwanza ikiwa bado hai. Nakala ya kwanza ilikuwa imeshikilia muamala wa kuandika, ambao haujakamilika, kwenye databesi ya SQLite. Ya pili ikaja, ikakuta databesi imetiwa kufuli, mimi sikuwa nimeandika cha kufanya hali hiyo ikitokea, ikaanguka. Sasa mwanzo wa Main kuna Mutex, kufuli la kuruhusu nakala moja tu: nakala ya pili ikiona mwenzake yuko, inamkabidhi ujumbe na kuondoka kimya. Na muamala naufunga mapema, ule ulikuwa uvivu wangu tu.

Mwana wa Ngamiani (mtoa mada)

Nimerudi. Baada ya kurekebisha njia ya faili, ikaanguka tena, mahali pengine. Programu yangu ilikuwa inakubali jina la faili la Excel kama hoja ya kwanza (neno linalopewa programu inapoanza), ili mama aweze kuburuta orodha ya dawa na kuiachia juu ya ikoni. Ile maktaba ya notifikesheni niliyotumia inaifanya Windows iizindue programu na hoja "-ToastActivated". Programu ikadhani hilo ni jina la faili, ikaenda kulifungua! Sasa nauliza kwanza WasCurrentProcessToastActivated, yaani kama imeamshwa na notifikesheni, kabla ya kugusa hoja yoyote.

Nikampelekea juzi. Mama kaifunga, kabonyeza, imefunguka. Kaifunga tena, kabonyeza, imefunguka. Kavaa miwani, kasogelea skrini.

"Haya. Sasa hii amoksilini mbona bado iko humu, nami nimeitupa tangu Jumatatu?"

Natafuta hilo sasa.