Mnatuuzia ratiba, ndege zenyewe ziko wapi? (Wilson–Ukunda, Oktoba 2021)

Wadau, uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Nimengoja wiki mbili nikidhani nitapoa. Sijapoa.

Jina la shirika silitaji. Nina nia ya kuwapeleka mbele kisheria na sitaki wapate pa kunishikia. Waliowahi kupanda ndege za likizo kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda pwani watawajua kwa tangazo lao tu: mnazi umeinama, mtoto anacheka kwenye mchanga, bei ya nauli kwa herufi kubwa na masharti kwa herufi za sisimizi.

Nilianza kuwalipa Februari. Tiketi nne za kwenda na kurudi, mimi, mama watoto na watoto wawili, Sh55,200, zikatoka kwenye M-Pesa siku moja. Ilikuwa tusherehekee Pasaka Diani. Ijumaa ya Machi 26 Rais Uhuru Kenyatta akafunga kaunti tano kwa sababu ya korona, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Hakuna kutoka, hakuna kuingia. Pasaka tukaila nyumbani Donholm tukitazamana.

Kwa hilo sikuwalaumu, na hata leo siwalaumu. Serikali ikifunga anga, shirika la ndege lifanye nini? Walinipa vocha nikashukuru. Ila nilikuja kuisoma vizuri baadaye: inaisha baada ya miezi 12 tangu siku NILIYOLIPA, si tangu siku waliyonipa. Yaani miezi ambayo Nairobi ilikuwa imefungwa nayo inahesabiwa, kana kwamba mimi ndiye niliyeamua kukaa nyumbani.

Kaunti zikafunguliwa Mei 1. Sasa wenye watoto shuleni mnajua kalenda ya mwaka huu ilivyo, imebanwa kama nguo kwenye sanduku. Muhula wa kwanza umeanza Julai 26, umeisha Oktoba 1, na wa pili ukaanza Oktoba 11. Siku tisa za kupumua, basi. Nikachagua Jumamosi Oktoba 2 kwenda, Jumapili Oktoba 10 kurudi. Usiku nane. Wakaniambia nauli imepanda, niongeze Sh2,900 kwa kila kichwa. Nikaongeza, Sh11,600 nyingine. Hoteli nikailipia yote mapema kwa sababu walikuwa na punguzo kwa anayelipa mapema. Ujinga wangu, najua, msinikumbushe.

Ijumaa Oktoba 1, saa tatu na dakika kumi na mbili za usiku, masanduku yako mlangoni na kitinda mimba wangu ameshalipuliza boya lake na kulala nalo, ikaingia SMS. Kutokana na "sababu za kiutendaji zinazohusiana na COVID-19", safari yetu imepangwa upya. Kwenda: Jumatatu Oktoba 4. Kurudi: Jumamosi Oktoba 9. Na pa kutua si Ukunda tena, pale jirani na Diani, ni Mombasa.

Someni tena. Usiku nane zimekuwa tano, na tunashushwa ng'ambo ya pili ya maji.

Nikapiga simu. Dakika 47 za kungojeshwa na muziki wa saksafoni, halafu ikakatika. WhatsApp yao inajibiwa na roboti inayosema "Jambo! Ungependa kwenda wapi?" Nikaiandikia ninakotaka kwenda. Ikanitumia picha ya mnazi.

Jumamosi alfajiri nikaenda Wilson mwenyewe. Pale kaunta kulikuwa na binti mmoja, barakoa imemfika machoni, na watu kama ishirini wamemzunguka. Kuna mzee alikuwa anakwenda mazishini Kwale, amevaa suti kabisa. Binti akasema kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, hata sisi tumeambiwa jana jioni." Nikamwamini. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na yule aliyejua mapema zaidi.

Maana walijua, wadau. Hapa ndipo kiini cha uzi huu.

Nina shemeji ambaye ni fundi wa ndege pale pale Wilson, si kwa hao, kwa jirani yao. Jumamosi hiyo mchana alikuja nyumbani akanikuta nimeshika simu natazama ile programu inayoonyesha ndege angani. Akaniambia tafuta nambari za usajili, zile zinazoanza na 5Y, uzifuate moja moja. Tukakaa mezani na kalamu.

Tovuti yao inajisifu kuwa na ndege nne za panga boi, za viti 37 kila moja. Ratiba waliyoiuza ya Jumamosi hiyo ilikuwa na safari tatu za Ukunda, mbili za Malindi na moja ya Lamu. Sita. Kwenda Ukunda kwa panga boi ni kama saa moja hewani. Ukishusha abiria na mizigo, ukapakia wengine, ukarudi, ukasafisha, umekula kama saa tatu kwa safari nzima ya kwenda na kurudi. Ndege moja kuanzia kunapopambazuka mpaka giza, ukiibana kweli kweli na pasitokee hata tone la mvua, inafanya safari nne. Kwa hiyo safari sita zinataka ndege mbili zilizo nzima, na ya tatu ikae pembeni isaidie moja ikiharibika.

Haya. Ya kwanza, shemeji anaijua kwa macho, imesimama tangu mwaka jana bila injini. Injini zake zimefungwa kwenye wenzake na yenyewe imegeuzwa duka la vipuri. Ya pili imeingia kwenye ukaguzi mkubwa, ule wa kufunguliwa mbavu zote. Zinazoruka ni mbili. Na Jumamosi hiyo, moja kati ya hizo mbili tuliiona kwa macho yetu kwenye programu ikielekea magharibi. Mara. Asubuhi ilikwenda ikarudi, mchana ikaenda tena.

Uingereza ilituondoa kwenye orodha yake nyekundu Septemba 22, baada ya kutuweka humo tangu Aprili. Wageni wameanza kurudi, na wao wanalipa kwa dola. Siwezi kuapa kwamba viti vyetu vilipewa watalii wa nyumbu. Ninachojua ni kwamba ndege iliyobaki kwa pwani ilikuwa moja, safari zilizouzwa zilikuwa sita, na tuliobaki na mabegi Wilson wote tulikuwa Wakenya.

Sasa hiyo "COVID-19" iko wapi hapo?

Shemeji si mtu wa kutetea wala kushambulia, na alinieleza jambo ambalo sikulijua. Ndege ikisimama haipumziki, inaharibika. Tairi zinapata ubapa upande mmoja, lazima zizungushwe. Yale matundu madogo ya kupimia mwendo yasipofunikwa, nyigu wanajenga humo. Injini inatakiwa kuwashwa kila baada ya muda au ihifadhiwe kwa dawa. Wenzetu wa Ulaya zao walizipeleka mahali pakavu, kama Teruel kule Hispania. Hizi zetu zilinyeshewa mvua ya Aprili Nairobi. Na marubani vilevile: asiyepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 haruhusiwi kubeba abiria mpaka arudishwe kwenye mazoezi. Anga ya Kenya ilifungwa kwa safari za kimataifa Machi 25 mwaka jana, za ndani zikarudi Julai 15, za nje Agosti 1, halafu Machi mwaka huu Nairobi ikafungwa tena. Ni kweli kabisa kwamba kuamsha shirika baada ya hayo ni kazi ngumu.

Lakini sikilizeni alivyomalizia. Ukaguzi mkubwa haumjii mtu kama mafua. Unajulikana miezi kabla, una tarehe, umeandikwa kwenye kitabu cha ndege. Injini haichomoki usiku wa Ijumaa saa tatu. Anayepanga ratiba anaona ubao: ndege hii ipo, hii haipo. Mwezi wa Agosti nilipokuwa naongeza ile Sh11,600, ubao ulikuwa tayari unasema hawana ndege za kuruka safari sita. Wakaziuza sita. Wanauza zote, wanatazama zimejaa kiasi gani, halafu siku ya mwisho wanaunganisha mbili kuwa moja na kutuma SMS. Pesa yetu wameshakaa nayo tangu Februari bila riba. Benki ikinikopesha mimi hata wiki moja inanitoza.

Watu husema mbuzi kwenye gunia. Hapa hata gunia halina kitu.

Nimalizie safari. Treni Jumamosi na Jumapili ilikuwa imejaa, kwa hiyo tukaipokea hiyo Jumatatu yao. Tukatua Mombasa saa saba mchana, tukatafuta teksi, tukafika kivuko cha Likoni tukapanga foleni na magari na malori chini ya jua. Karibu saa mbili nzima za kungoja. Boya likapasukia kwenye buti. Diani tulifika jioni, hoteli wakatuambia pesa za usiku mbili mlizokosa kufika hazirudishwi, na ule wa mwisho nao haurudishwi. Siwalaumu sana, chumba walikiweka. Bahari ilikuwa nzuri. Jumamosi tukafunga mizigo, tukavuka tena Likoni, tukarudi. Teksi peke yake, kwenda na kurudi, imenila Sh9,000. Nimewaandikia barua pepe tatu. Jibu ni moja: wanatoa pole, na kwa mujibu wa masharti "ratiba si sehemu ya mkataba".

Ratiba si sehemu ya mkataba! Basi nilinunua nini? Harufu ya mafuta ya ndege?

Ningeyameza haya kama si wiki hii. Jumatano, Sikukuu ya Mashujaa, Rais akiwa Wang'uru kule Kirinyaga akaondoa kafyu. Vizuri, tumefurahi wote. Alhamisi asubuhi, hata chai sijamaliza, tangazo la hao hao: Krismasi pwani, safari KUMI kwa siku. Kumi! Shule zinafungwa Desemba 23 na kufunguliwa Januari 3. Kila mzazi wa Nairobi anabanana kwenye siku kumi hizo hizo. Nikampigia shemeji. Ile isiyo na injini bado haina injini. Ile iliyofunguliwa mbavu bado iko wazi.

Ndiyo maana nimeandika. Kabla hujatuma hata shilingi, wapigie uwaulize maswali mawili: safari yangu itarushwa na ndege gani, na ikisogezwa zaidi ya saa sita narudishiwa pesa taslimu au vocha? Wakianza kuzungukazunguka, jibu umelipata.

Najua watakaokuja kusema "acha kulia, biashara zote zimeumia, wakifunga tutapata nini". Nimeyasikia. Thomas Cook ya Uingereza ilianguka Septemba 2019, hata korona haijazaliwa, na zaidi ya abiria 140,000 wakarudishwa kwao kwa ndege za kukodi kwa sababu kule kuna mfuko wa dhamana na serikali iliyojipanga. Hawa wetu wakinipa vocha nyingine halafu waanguke, nitaipeleka wapi? Nitaifungia maandazi? Anayeniambia niwahurumie awaambie kwanza wauze safari nne kama ndege zao ni za safari nne. Nitalipa hata nauli ya juu, niwe na hakika tu.

Ninachotaka: tofauti ya nauli Sh11,600, teksi Sh9,000, na pesa za usiku tatu za hoteli. Vocha sitaki. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma ya kiwango kinachofaa na fidia akipata hasara, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ipo tangu 2012. Milimani sasa kuna Mahakama ya Madai Madogo, ilianza Aprili 2021, inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Jumatatu naenda kuchukua fomu.

Kama ulikuwa Wilson asubuhi ya Oktoba 2, na hasa yule mzee wa suti aliyekuwa anakwenda Kwale kama ana kijana wake humu, niandikie. Leta ile SMS, tiketi na risiti za M-Pesa.

NYONGEZA, saa mbili usiku: Kuna aliyeuliza kwa nini sikwenda kwa gari. Gari langu likifika Mtito Andei huwa linaomba maji mara tatu. Swali lingine.

NYONGEZA YA PILI, saa nne kasoro: Wamepiga simu wao wenyewe. Hakuna saksafoni. Kijana mwenye adabu sana, anajua jina langu, anajua mpaka jina la hoteli. Anasema wameuona uzi na wako tayari kunisaidia nikiufuta. Nikamwuliza msaada gani. Akasema vocha ya Sh5,000, itumike kabla ya Februari.

Uzi unabaki. Leteni hizo SMS.