Mti wetu wa mkungu umekatwa na kiwanja kimezungushiwa mabati, watoto wacheze wapi jamani??

Jamani mie nna hasira sijui hata nianzie wapi. Ijumaa asubuhi natoka naenda kazini nakuta kiwanja chetu huku Ng'ambo, mjini Zanzibar, kishazungushiwa mabati na ule mkungu mkubwa uko chini, kungu zimetapakaa mpaka njiani watoto wanaziokota. Kuuliza, naambiwa panajengwa maduka. Maduka!! Mtaa huu kila baraza ina duka na mengine yamefungwa kwa kukosa wateja.

Pale chini ya mkungu wazee wakicheza bao tokea alasiri mpaka inaadhiniwa magharibi. Mama yangu ana presha, na nyumba yetu ya bati mchana wa kaskazi haikaliki, akichukua mkeka wake akenda kupunga upepo pale. Sasa yumo ndani na feni, na umeme wenyewe ndo huu wa kukatika katika. Watoto mpira wameuhamishia barabarani, jana mtoto wa dada'angu kaufukuzia mbele ya daladala, alhamdulillahi dereva aliwahi breki, mpira ulipasuka na mtoto alikuwa anatetemeka hata kulia hawezi.

Mtu ananambia eti si muna bustani ya Forodhani kule Mji Mkongwe. Forodhani nzuri sikatai, tokea ilipotengenezwa upya 2009 inapendeza, lakini bibi wa miaka 70 apande daladala kila siku kwenda kutafuta kivuli? Mnazi Mmoja nako wengi wetu tunakwenda sikukuu, na pale palikuwa maji ya pwani, wa zamani wakapafukia ndo pakapatikana viwanja vya mpira, leo sisi kiwanja kilichopo tunakimwagia zege!! Kivuli kinatakiwa kiwe karibu na mlango, unafika na ndara zako.

Na masika ije tuone. Ardhi ile ndo iliyokuwa ikinywa maji ya mtaa mzima, ikishasakafiwa yataingia majumbani mwetu, mtaa wa Mwanakwerekwe miaka mingapi tumeuona unageuka ziwa?

Hatukuitwa kikao, hakuna hata karatasi iliyobandikwa. Nishakwenda ofisi mbili, ya mwanzo inanituma ya pili, ya pili inanirudisha ya mwanzo. Anayejua sheria za maeneo ya wazi hapa Zanzibar anambie barua naiandika kwa nani, sahihi za majirani nshapata 32 na Jumatatu naipeleka mwenyewe kwa mkono.