Diski za SACD na DAC za nje: tumelipia hi-res (sauti ya ubora kuzidi CD) halafu tunaambulia CD ya kawaida!!

Wakuu habari zenu, leo naomba nitoe ya moyoni maana huu ni wizi wa mchana kweupe.

Nimenunua deki inayosoma SACD (diski kama CD ila za ubora wa juu zaidi), nikajichanga tena nikachukua DAC ya maana (kifaa cha kugeuza sauti ya kidijitali kuwa analogi), boksi limeandikwa kwa maandishi makubwa inapokea DSD (mfumo wa sauti uliomo kwenye SACD), na muuzaji kanihakikishia kabisa "we chomeka tu boss, inapiga". Haya nimechomeka waya wa optiko (unaopitisha sauti ya kidijitali kwa mwanga) kutoka deki kwenda DAC. Kioo cha deki kinaandika SACD, dakika zinahesabu, ile taa nyekundu kwenye ncha ya waya inawaka, DAC inasema hakuna signo na spika kimyaaa. Diski yenyewe ina tabaka mbili, la SACD na la CD ya kawaida; nikibonyeza rimoti kurudi tabaka la CD hapo hapo DAC inaandika 44.1 (kHz, kipimo cha CD) na muziki unatoka. Yaani hela yote hiyo nasikiliza biti 16 zilezile za mwaka 1982!

Na msiniambie waya mbovu. Imefanywa makusudi!! Sony na Philips walipoileta SACD mwaka 1999 waliifungia kidijitali kwa kuogopa watu watakopi, hivyo DSD haitoki kwenye optiko wala koaksho (ule waya mwingine wa sauti ya kidijitali), unachopewa ni tabaka la CD basi. Na kama diski yako ni zile za Kijapani zenye tabaka moja tu la SACD hata hiyo CD hupati, ni ukimya mwanzo mwisho, na bei yake mnaijua.

HDMI toleo la 1.2 la mwaka 2005 ndo likaruhusu DSD kupita, sawa, ila DAC ngapi za stereo zina HDMI ya kupokea kutoka kwenye deki? Nyingine ukigeuza nyuma unaliona tundu la HDMI unafurahi, kumbe ni I2S (njia nyingine tofauti ya kupitisha sauti ya kidijitali), umbo lilelile ila deki ya kawaida haielewani nalo kabisa. Wapo watengenezaji wanaopitisha DSD kwa njia yao wenyewe lakini lazima deki na DAC zote ziwe za kwao, hapo uza kiwanja kwanza.

Nikaambiwa nunua kale kaboksi ka kutoa sauti kwenye HDMI, weka deki igeuze DSD iwe PCM (mfumo wa sauti unaotumika kwenye CD) ya 88.2 kHz. Nikanunua. DAC inaandika 48! Kaboksi kanashusha chenyewe na hakuna palipoandikwa. DVD-Audio (DVD za muziki wa hi-res) nayo ni yaleyale, kwenye diski kuna biti 24 mpaka 192 kHz, optiko mara nyingi inakutolea 48.

Kinachoniuma zaidi ni hiki, mtu aliyepakua faili la DSD la wizi lililochomolewa kwenye SACD kwa PS3 ya zamani anachomeka USB kwenye DAC hiihii yangu na anapata DSD ya 2.8224 MHz kamili bila shida, mimi nina diski halali mkononi nimelipia na ushuru nanyimwa. Sasa hiyo kufuli inamzuia nani???

Wauzaji nao acheni kutuuzia hizi vitu kama seti wakati mnajua haziongei. Andikeni kwenye tangazo kwamba deki haitoi SACD kidijitali, mtu achague deki yenye analogi nzuri aachane na DAC.

Mwenye kaboksi ka HDMI ambako amekaona kwa macho yake kakitoa 88.2 au 176.4 aweke picha ya kioo cha DAC hapa, maneno matupu sitaki tena.