Naomba ushauri: nimeunganisha kalenda na majina ya kompyuta na simu, sasa majina yanajirudia na miadi inaruka saa

KaraniWaZiwa
Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni karani katika ofisi ndogo ya uwakala wa mizigo hapa Kigoma, tunaoshughulikia saruji, unga na bidhaa nyingine zinazovushwa kwenda Bujumbura, Uvira na Kalemie. Kwa miaka saba kumbukumbu zetu zote za wateja na ratiba za kupakia zimekaa kwenye kompyuta moja ya mezani, ndani ya Outlook ya mwaka 2010, programu ya barua pepe, majina na kalenda, nayo ina majina 1,140. Wiki mbili zilizopita niliona ni vyema kumbukumbu hizo zipatikane pia kwenye simu, kwa sababu mtu akiwa gatini hawezi kurudi ofisini kila anapohitaji namba ya nahodha. Nilianza na waya wa USB, lakini kompyuta ikaonyesha picha na nyimbo zilizomo kwenye simu na si zaidi ya hapo. Ndipo nikapakua programu ya bure inayounganisha Outlook na akaunti ya Google, na majina yakaingia.

Tatizo ni kwamba watu wengi wanaonekana mara mbili, na miadi mingine haikai kwenye saa yake: mingine imeruka saa moja, mingine saa sita nzima. Juzi simu iliniamsha saa nane usiku kwa ajili ya mzigo unaopakiwa saa mbili asubuhi. Naomba anayejua anielekeze namna ya kurekebisha bila kuanza upya.

MzeeWaUjiji
Pole sana, binti yangu. Nilipokuwa na Nokia, nilikuwa nachomeka waya, nafungua programu yao ya kompyuta iitwayo PC Suite, nayo ilisoma Outlook na kubeba majina na kalenda bila intaneti kabisa. Baadaye nikahamia kwenye kiprogramu cha Google kilichosawazisha kalenda, nacho kikazimwa mwezi Agosti 2014. Tangu siku hiyo namba zangu zote zimo ndani ya daftari la jalada gumu, kwa kalamu ya risasi ili mtu akibadili laini niweze kufuta. Nakushauri uwe na daftari.

FundiMwanga
Heshima kwako mzee, ila swali la dada ni la kompyuta. Dada, Android yenyewe haina njia ya kuhamisha majina kwa waya kutoka Outlook, labda kwa programu ya ziada ya mtengenezaji wa simu. Waya unapitisha mafaili tu. Tena, ikiwa barua pepe ya ofisi yenu inaingia kwa njia ya zamani ya POP, inayoshusha barua kwenye kompyuta tu, basi majina na kalenda havipo mahali pengine popote isipokuwa kwenye faili moja ndani ya kompyuta hiyo, lenye herufi za mwisho pst. Kabla sijakueleza la kufanya, naomba unijibu maswali matatu. Programu uliyopakua inasawazisha upande mmoja au pande zote mbili? Majina yaliyojirudia umeyafanya nini? Na akaunti ya Google uliyoiunganisha ni ya nani?

MamaKibirizi
Mimi nitazungumzia hiyo saa moja, kwa sababu imenitesa sana. Katika nchi nne zinazogusa Ziwa Tanganyika, Tanzania peke yake ndiyo iko saa moja mbele. Burundi, Zambia na upande wa Congo wa ziwa letu wote wako nyuma yetu. Simu yangu ikifika Kagunga, kule mpakani na Burundi, hukamata mtandao wa Burundi na kujirudisha nyuma saa moja bila kuniambia. Niliwahi kuandika nikiwa kule kwamba nakutana na mwenye ghala saa nne asubuhi, na niliporudi Kigoma simu ikaonyesha saa tano. Nilifika nikakuta ghala limefungwa na dagaa wangu magunia tisa wamebaki juani. Sasa nimezima sehemu ya simu kujichagulia majira, nimeweka ya Nairobi, ambayo ndiyo yetu pia, na haijanisumbua tena.

KaraniWaZiwa
Ahsante mama, nilikwenda Kagunga mara mbili mwezi huu na niliandika miadi nikiwa huko, kwa hiyo hilo nimelielewa. Ndugu FundiMwanga, programu inasawazisha pande zote mbili. Yaliyojirudia nilianza kuyaondoa kwenye simu. Akaunti ni ya kawaida tu.

FundiMwanga
Akaunti ya kawaida ya nani, dada? Na umeondoa mangapi? Siulizi ili kukuchimba. Usawazishaji wa pande mbili maana yake ni kwamba unachokifuta mkononi kinafutwa na mezani pia.

KijanaKatubuka
Majina 1,140! Dada, tatizo lako likiisha naomba namba moja tu, ya mwenye boti asiyepandisha nauli sikukuu ikikaribia.

KaraniWaZiwa
Sikutaka kueleza mambo ya ofisi mbele ya watu, lakini naona bila hayo sitasaidika. Akaunti ni yangu mwenyewe na simu ni yangu. Mwisho wa mwezi huu naacha kazi na nitaanza uwakala wangu mdogo. Majina niliyofuta ni 212. Watu wengi walikuwa wameandikwa mara mbili, mara moja kwa namba inayoanza na sifuri na mara ya pili kwa namba inayoanza na +255, nami nikafuta zile za +255 nikidhani ni marudio matupu, kumbe ndizo zilizobeba anwani, jina la kampuni na maelezo ya mzigo. Sasa kompyuta ya ofisi inaonyesha majina 928, na mzee mwenye ofisi bado hajajua.

Nawaomba msinihukumu. Nilipoajiriwa kulikuwa na karatasi zilizofungwa kwa mpira kwenye droo. Kila jina na kila miadi iliyomo niliandika mimi kwa mkono wangu, mara nyingi jioni wenzangu wakiwa wamekwenda nyumbani. Wateja hao wananipigia mimi, si ofisi. Nimeshalipia chumba cha ofisi miezi mitatu, siwezi kurudi nyuma.

MhasibuTabora
Dada yangu, jasho lako nalithamini, lakini ulilipwa mshahara kwa jasho hilo, na mteja aliyekupa namba yake alimpa wakala aliyekutuma. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na msingi wake mmojawapo ni kwamba taarifa ya mtu itumike kwa lengo lililokusanyiwa. Huku Tabora nilifanya kazi na karani wa chama cha wakulima wa tumbaku aliyeondoka na orodha ya wanachama ndani ya simu yake. Wanachama walianza kupigiwa simu na watu wasiowajua, na lawama ikatuangukia sisi tuliobaki. Mwambie mzee mapema, kabla hajaitafuta namba akaikosa.

MtafutaUkweli
Naomba radhi kwa nitakayosema, lakini uzi huu naona umetungwa. Mwanzo dada alisema anataka kumbukumbu zipatikane mtu akiwa gatini kwa kazi ya ofisi, sasa anahama nazo. Hilo naweza kulisamehe. Nisichoweza kukubali ni hizo saa sita. Kosa la majira ya nchi huhamisha miadi yote kwa kiasi kilekile. Haliwezi kuchagua miadi hii liiache na ile liirushe saa sita. Hakuna programu inayofanya hivyo. Nimeona nyuzi nyingi za namna hii: mtu anakuja na shida isiyowezekana, watu wanamwonea huruma, na kesho yake anatokea mwenye dawa ya kuuza. Msipoteze bando zenu.

MamaKibirizi
Mimi yangu si ya kutunga, magunia tisa niliyapoteza kweli.

MtafutaUkweli
Sijasema yako, mama. Nasema za saa sita.

KaraniWaZiwa
Nimeumia kuitwa mwongo baada ya kujieleza hadi la aibu. Sina ninachouza. Niko mbele ya kompyuta hiyo sasa hivi, niambieni mnataka kuona nini.

FundiMwanga
Nakili hapa miadi mitatu iliyoruka saa sita, herufi kwa herufi kama ilivyoandikwa kwenye kompyuta, bila majina wala namba za watu. Sitaki ya kwenye simu.

KaraniWaZiwa
Ya kwanza: «JUMANNE 2:00 TANI 12 SARUJI BOTI LA KALEMIE». Ya pili: «IJUMAA 4:00 MTU WA GHALA AJE NA RISITI». Ya tatu: «JUMAMOSI 1:30 KUKAGUA TURUBAI». Zote zimeandikwa kwa herufi kubwa namna hiyo.

FundiMwanga
Dada, kompyuta haina kosa wala simu haina kosa. Hizo ni saa za Kiswahili. Aliyeandika 2:00 alimaanisha saa mbili asubuhi, lakini mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane, na kwake 2:00 ni saa nane usiku. Ilivyokuwa kwenye kompyuta haikuonekana kuwa tatizo, kwa kuwa kompyuta huzimwa jioni na kila anayesoma pale ofisini anaelewa kwamba 2:00 ni asubuhi. Ilipoingia kwenye simu inayolala na wewe chumbani, ikatii kile ilichoandikiwa. Ndiyo maana miadi mingine imesalimika: hiyo imeandikwa 8:00 na mtu anayehesabu kama mashine.

MtafutaUkweli
Kuhusu saa sita nimeridhika, na neno la kutunga nalifuta. Nisamehe, dada.

MhasibuTabora
Nami nimeridhika kuhusu saa, ila sasa nina swali jingine. Nani anaandika kwa herufi kubwa?

KaraniWaZiwa
Ni mzee. Hufika ofisini kabla yetu sote, na huandika kwa kidole kimoja, herufi kubwa tupu, kwa sababu anasema ndogo hazioni vizuri. Nilikuwa nimesahau kabisa. Au pengine sikutaka kukumbuka. Nilisema kila kitu kiliandikwa na mkono wangu, na hiyo si kweli. Nimeitazama tena kalenda ya mwaka huu peke yake, nimehesabu miadi 64 ya herufi kubwa. Kwenye majina pia yapo yake, hasa manahodha wa zamani, na karibu yote yana +255, kwa kuwa yeye ndiye anayepiga simu ng'ambo na amezoea kuandika namba kamili. Kwa hiyo katika yale 212 niliyofuta, mengi yalikuwa ya kwake.

FundiMwanga
Basi tuyarudishe, na muda bado upo. Kwanza kabisa zima programu ya kusawazisha kwenye kompyuta, na kwenye simu zima usawazishaji wa majina na kalenda wa akaunti hiyo, kwa sababu kila dakika inayopita mashine hizi mbili zinaambiana kufuta. Pili, funga Outlook, ingia kwenye nyaraka zako, tafuta folda ya mafaili ya Outlook, kisha nakili lile faili la pst kwenye flashi. Usilinakili Outlook ikiwa wazi. Tatu, angalia folda ya vilivyofutwa ndani ya Outlook yenyewe. Programu nyingi za namna hiyo hutupa jina huko badala ya kuliteketeza. Ukiyakuta huko, yaburute kuyarudisha kwenye majina. Usipoyakuta, fungua Majina ya Google kwa kivinjari: kuna pipa linalohifadhi kilichofutwa kwa siku 30, na ukirejesha humo unaweza kuyatoa kama faili na kuyaingiza upya kwenye Outlook.

Nakuonya kwa jambo moja lililonigharimu kwa mteja wangu: faili hilo usilifungue kwa Excel ukalihifadhi. Excel huziona namba za simu kuwa hesabu, sifuri ya mwanzo inaliwa, na yenye 255 inageuka kuwa 2.55 na mkia wa E+11. Ukihifadhi hapo, namba imekufa.

Outlook hiyo ya 2010 iliacha kupata masasisho Oktoba 2020, kwa hiyo usawazishaji wa kudumu utahitaji toleo jipya na akaunti moja inayoingia kompyuta na simu kwa pamoja. Akaunti hiyo iwe ya ofisi, na mzee awe na nywila yake.

MzeeWaUjiji
Na huyo mwenzangu wa herufi kubwa msimbadilishie saa zake bila kumwambia. Ataona 8:00 na atadhani mzigo unapakiwa saa nane mchana.

KaraniWaZiwa
Ahsanteni nyote. Programu nimeizima, simu nimeizima usawazishaji, faili liko kwenye flashi, na kwenye folda ya vilivyofutwa nimehesabu majina 212 yote. Sijayagusa. Kesho nitafika kabla ya saa moja, wakati mzee huwa peke yake mezani, nimwonyeshe yalipo, kisha tuyarudishe pamoja tukianza na manahodha wake. La kuacha kazi nitamwambia hapo hapo.