Naomba ushauri: sauti ya Hammond kwenye kinanda cha dijitali

Habari zenu wakuu. Nina kinanda cha dijitali chenye sauti ya ogani ya Hammond B-3, lakini kila nikikipiga nasikia kuna kitu kimepungua. Noti moja moja ziko sawa. Tatizo linaanza nikishikilia noti tatu kwa pamoja na kubadilisha athari ya Leslie (inayoiga spika yenye sehemu zinazozunguka) kutoka mwendo wa taratibu kwenda wa kasi: sauti inaruka ghafla. Spika halisi ya Leslie haifanyi hivyo. Tarumbeta ya juu ni nyepesi, inashika kasi mapema; ngoma ya chini ni nzito, inachelewa kuifikia. Ule mwachano ndio unaonisisimua mwili, na hapa siusikii kabisa.

La pili ni ule mgoto mfupi wa mwanzo wa noti, pakashoni. Kwenye B-3 haurudi mpaka uachie vibonye vyote. Changu kinaupiga kwa kila noti, hata nikiziunganisha, na solo inasikika kama kokoto zinazomwagwa juu ya bati.

Vijiti vya kuvuta, vile vya kuchanganya sauti za ogani, ninavyo vyote 9. Navuta vitatu vya kwanza hadi mwisho, namba 8, vingine nafunga.

Je, nitafute programu ya kompyuta inayoiga magurudumu yote 91 yanayozalisha sauti ndani ya B-3, kinanda kibaki cha kubonyeza tu, au ninunue spika inayozunguka kweli? Mimi naegemea programu. Mnaoitumia, ule uchelewaji wa sauti baada ya kubonyeza mnaupunguzaje hadi vidole visiuhisi?